Mazishi ya Chupa Mia Sita

Chemchem, Tabora
8 Juni 2025

Kwako Shangazi Theodora,

Shikamoo. Kabla hujauliza: tupo, tunakula, na mama yako anagombana na kuku wa jirani. Kuku wanashinda. Bibi anasema mguu wa kushoto unamuuma asubuhi na wa kulia jioni, eti wamepangiana zamu. Anakusalimia, na anauliza tena utakuja lini. Mimi naandika tu nilivyotumwa, usininunie.

Umesema niache kukutumia ujumbe wa simu, niandike barua yenye tarehe na sahihi, kwa sababu huko Ujerumani bila karatasi mtu hayupo. Haya, nipo. Tazama mwandiko huo halafu uniambie kama kuna aliyemaliza kidato cha nne anayeufikia. Mimi nilikiacha cha pili kwa hiari, nafasi yangu wakampa mwenye shida zaidi.

Sasa jambo lenyewe. Wazee wa Bukene wametoka porini. Wamekaa kambini wiki tatu, wamerina mizinga yao yote, na Mzee Bundala ameshuka na madumu kwenye treni akinuka moshi mpaka abiria wakahama behewa. Vipimo vimepita, cheti cha afya tunacho. Nimefungasha chupa mia sita za nusu kilo katika maboksi hamsini, dazeni kila boksi. Lebo nimechora mimi. Nyuki nimemchora anatabasamu.

Wazee kumi na wanne wamenikabidhi asali ya msimu mzima kwa sababu niliwaambia Shangazi yangu yuko huko na jina lake ni zito. Sema tu neno, mzigo uondoke, uwahi gulio la Noeli la parokia yako.

Mwanao,
Erasmus Lugembe
Mkuu wa Mauzo ya Nje, Ushirika wa Warina Asali (cheo nimejipa, hakikugombewa)


Kassel
1 Julai 2025

Mwanangu Erasmus,

Marahaba. Barua imechukua siku ishirini. Hapa mzima, ila mgongo. Wazee ninaowatunza ni wakubwa wa miili, na wenzangu wawili wameacha kazi, kwa hiyo nawageuza vitandani peke yangu. Mwambie mama apake ile dawa niliyotuma, asiigawe kwa majirani.

Umefungasha kabla ya kuniuliza. Sikulaumu, hata mimi sikujua. Kumbe cheti cha asali ni nusu ya safari, nusu nyingine ni chupa.

Sikiliza vizuri. Sheria ya hapa inasema anayeingiza bidhaa ndani ya kifungashio ndiye mwenye taka yake. Mteja akishalamba asali, ile chupa tupu inabaki kuwa mzigo wangu mimi. Kwa hiyo lazima jina langu liandikwe kwenye daftari la taifa la vifungashio, kila mtu alione. Halafu nifunge mkataba na kampuni ya kukusanya taka, niwalipe mapema kwa uzito: kioo kiasi gani, chuma cha vifuniko kiasi gani, karatasi ya lebo, boksi nalo maana wapo wateja wanaonunua dazeni nzima, na chochote ulichojazia katikati ili chupa zisigongane.

Nataka uzito wa kila kimoja, kwa gramu. Upime. Usikisie. Na kisiongezeke kitu ndani ya maboksi baada ya kupima, hata uzi. Linaloandikwa pale ni jina langu. Namba zikiwa za uongo wananizuia kuuza, na mimi hapa ni mgeni, Erasmus. Mgeni hapewi nafasi ya kujieleza mara ya pili.

Shangazi Theodora


Chemchem
20 Julai 2025

Shangazi Mpendwa, Mwenye Taka,

Shikamoo tena. Dawa imegawiwa majirani kabla barua yako haijafika. Bibi anaulizia ile habari ya kuja. Naona hukuijibu, nikamwambia ukurasa wa pili umelowa mvua. Julai hii, Tabora! Akaniangalia tu.

Nimewasomea wazee sheria yako. Mzee Bundala akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo tunauza asali, na chupa ikifa tunagharamia mazishi?" Nikamwambia ndivyo, mazishi ya chupa mia sita, na matanga juu. Tulicheka mpaka nikajikuta nimechoka bila kufanya kazi. Shangazi, hii ni haki? Babu wa Bibi alitembea kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo na pembe ya tembo begani, miezi mitatu, miiba na kiu, na hakuna aliyemwuliza kamba ya mzigo ina gramu ngapi.

Lakini mimi ni mtu wa kazi. Hizi hapa, nimepima zote mwenyewe:

Chupa moja, gramu 200.
Kifuniko, gramu 10.
Lebo, gramu 1.
Boksi tupu, gramu 300.
Magazeti yaliyochanwa ya kujazia, gramu 100 kwa boksi.

Sahihi yangu hiyo hapo chini, pamoja na muhuri wa ushirika. Andika bila wasiwasi.

Erasmus


Kassel
12 Agosti 2025

Erasmus,

Marahaba.

Babu wa mama yangu alibeba frasila mbili. Zilipimwa kule walikotoka na zikapimwa tena Bagamoyo, na ikipungua aliulizwa yeye. Mkeka wake na chungu chake alibeba juu ya hapo. Mama alitusimulia mimi na baba yako tukiwa wadogo kuliko wewe ulipoacha shule. Kwa hiyo usinitajie wapagazi.

Namba zako zote zinaishia na sifuri, isipokuwa ile ya lebo. Mimi kazini napima dawa, chakula, hata mkojo, na sijawahi kuona vitu vinne vyote vikaja mviringo hivyo. Nakuuliza mara moja tu: ulipima?

Nimeshaziandika, muda ulikuwa unaisha. Jina langu limeingia kwenye daftari jana. Nilipoliona sikufurahi, nilisikia baridi.

Jambo moja, na ni lako peke yako. Nimeomba likizo ya siku kumi na moja Desemba, zimekubaliwa. Nataka mzigo ufike Oktoba, niusambaze, kisha nije. Miaka tisa sasa. Usimwambie mama mpaka niwe na tiketi mkononi. Nikimwahidi halafu ishindikane, sitaweza kuandika barua ya kumweleza.

Shangazi


Chemchem
2 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mzigo umeondoka! Tarehe ishirini na nane lori limepita hapa Chemchem, maboksi hamsini, Dar, kisha meli. Nilisimama katikati ya barabara nikalielekeza kwa mikono kama trafiki. Lori lilikuwa linajua njia, lakini mkuu wa mauzo lazima aonekane.

Mzee Bundala na wenzake walikuja jana yake kuaga mzigo kwa desturi zao. Alileta gunia kubwa nyuma ya baiskeli. Wazee wana mambo yao, unawajua. Hayo si ya kukuchosha.

Swali lako la sifuri limenichoma, nakwambia ukweli. Mtu anachora nyuki anayetabasamu halafu anaulizwa kama alipima! Mimi ni mtoto wa Amon, ndugu yako, na wewe unajua Amon alikuwa mtu wa namna gani.

Sasa, ile siri ya Desemba. Sikumwambia Bibi. Niliomba tu chokaa kwa fundi, na Bibi akauliza ya nini, nikasema ya chumba cha mbele, akauliza cha nini, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu hakujazoeleka. Sasa anapanga nani atakulaki stesheni. Amechagua kitenge.

Usinigombeze. Nimeshagombezwa na moyo wangu.

Erasmus


Kassel
6 Novemba 2025

Erasmus,

Mzigo umezuiwa bandarini tangu wiki iliyopita. Wamefungua boksi moja, wakafungua la pili, kisha yote. Ndani ya kila boksi wamekuta kitu cha gome la mti, mviringo, ukubwa wa kikombe, kimeshonwa kwa kamba ya gome, ndani kipande cha nta. Hakimo kwenye cheti wala kwenye uzito nilioandika. Wananiuliza mimi ni nini. Mimi, mtoto wa Unyamwezi, naulizwa na kijana mwenye glavu, "Bibi, hiki ni kitu gani?"

Najua ni kilindo, kichombo cha asali cha kwetu. Nataka kusikia kwako kimefikaje.

Wamepima na chupa pia. Ina gramu 243, si 200. Zidisha kwa mia sita utaona nimeficha karibu kilo ishirini na sita za kioo. Ndivyo walivyosema: nimeficha.

Nimekupigia mara tisa. Simu yako haipatikani.

Theodora


Chemchem
30 Novemba 2025

Shangazi Theodora,

Shikamoo. Bibi hajambo. Mimi ndiye mgonjwa, ila si wa kupelekwa hospitali.

Simu niliizima mwenyewe. Nilijua ni wewe.

Sikupima. Mizani ya ushirika ni ile ya kuning'iniza, ya tumbaku, haioni kitu kilicho chini ya kilo. Nilitundika chupa, mshale haukutikisika. Nikaona haya kurudi kwako na kusema nimeshindwa kupima chupa, baada ya maneno yangu yote. Nikamwita Mzee Bundala, akaishika mkononi hivi, akafumba macho, akasema, "Kama kanga mdogo, mchanga." Nikaandika mia mbili. Vingine nilishika mwenyewe. Ile moja ya lebo niliweka ili ionekane nimepima.

Vilindo ni nyongeza. Unajua Bukene: hakuna anayeuza kitu bila kuongeza juu. Muuza karanga anaongeza gao la kiganja, muuza maziwa anamimina tone la mwisho ndipo anapumzika. Wazee walisema haiwezekani asali yao iende kwa wageni imekatwa kwenye mstari wa chupa, kama imeuzwa na watu wachoyo. Mzee Bundala alitengeneza vilindo vyote hamsini kwa mikono yake, miezi miwili, na vidole vyake unavikumbuka vilivyokakamaa. Alipolimwaga lile gunia nilikuwa na barua yako mfukoni, ile ya "hata uzi". Niliigusa kabisa. Halafu nikafungua maboksi, tukaweka kimoja kimoja.

Ningesemaje? Ningemwambia mzee nyongeza yake ni taka?

Nimeshindwa kuweka utani hapa. Niambie nifanye nini. Wazee wananiuliza kila gulio kama Wajerumani wameonja. Nawaambia bado wanafungua.

Erasmus


Kassel
10 Januari 2026

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nikikaa kuandika nalala.

Ungepima chupa kumi pamoja kwa mizani hiyohiyo ya tumbaku, ukagawanya kwa kumi. Hesabu ya darasa la nne. Ungeniandikia "Shangazi, mizani haifai," ningekwambia hivyo kwa mstari mmoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko faini. Faini ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa, nimeshamaliza nayo, usinitajie.

Mambo yalikwenda hivi. Waliniambia mzigo utatoka nikija mwenyewe, nipime kila kitu mbele yao, niandike upya. Bandari iko mbali na hapa. Kazini hawana siku za bure za kunipa. Zilikuwepo zile kumi na moja tu.

Nimezitumia. Siku kumi na moja nimesimama ghalani na koti, nachomoa chupa, napima, narudisha. Chupa 243. Kifuniko 14. Lebo 2. Boksi 418. Magazeti yako 165, na kwenye boksi la saba ulijazia daftari lako la zamani la hesabu. Nimelisoma lote. Ulipata sita kwa hamsini.

Mzigo umetoka tarehe kumi na tisa Desemba. Gulio la Noeli lilikuwa limekwisha. Nauza polepole mlangoni mwa kanisa baada ya misa, zimebaki chupa mia mbili na themanini. Jina langu halikufutwa. Naruhusiwa kuuza.

Vilindo walisema lazima viteketezwe, gome bichi la mti wa kigeni haliruhusiwi kuingia. Walinipa karatasi niandike nimekabidhi vingapi. Niliandika hamsini. Vilivyoingia kwenye tanuru ni arobaini na tisa. Kimoja kilikuwa ndani ya koti langu, na mkono wangu juu yake, mimi niliyekuhubiria habari ya namba tangu Julai. Kijana mwenye glavu alikuwa ananitazama. Akasema, "Hamsini," akapiga muhuri.

Sijui kwa nini nilikichukua. Kilikuwa kinanuka moshi wa kule.

Siwezi kukaa nacho hapa. Padre Emilian wa Kipalapala amemaliza masomo anarudi, nimempa akupe. Usikifungue njiani kwa pupa, kuna kitu ndani. Mzee Bundala umwambie ukweli wewe, kwa mdomo wako. Mama nimeshindwa kumwandikia. Mwambie utakavyoona. Mwambie sikutaka kuja mikono mitupu. Hilo nalo ni kweli, miaka yote tisa.

Shangazi yako,
Theodora


Chemchem
15 Februari 2026

Shangazi,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga goti. Bibi yuko barazani na kitenge kile. Alikivaa tarehe ishirini na nne Desemba, na anasema hakitunzi tena, kitazeeka naye.

Padre Emilian amefika na kilindo. Bibi alikipokea yeye, akakitikisa, akasikia kitu kinagonga. Akasema, "Theodora hajasahau. Chombo cha watu hakirudi kitupu." Tukafungua tukakuta mizani ndogo ya kiganjani, ya kupimia gramu. Bibi amepima pete yake ya ndoa, jino lake lililong'oka, na chumvi. Mimi nimepima vyote vya msimu ujao. Nilitaka kujisifu nikaona sina la kusifu: namba zimekuja zilezile zako. Ila kifuniko, vile vipya vina gramu 13. Andika 13.

Nilikwenda Bukene Jumapili. Nilipanga maneno ndani ya treni, nilipofika yakaniishia. Nikamwambia tu Mzee Bundala, "Vimechomwa." Alikuwa anachonga, hakuacha. Akapuliza vumbi la mti, akauliza, "Walivipima kwanza?" Nikasema vilipimwa. "Vilikuwa na ngapi?" Kile kimoja nilikuwa nimekipima asubuhi, nikamwambia sitini na mbili. Akalirudia, sitini na mbili, kama mtu anayetajiwa jina la mjukuu. Akasema, "Basi walijua walichochoma," akaendelea kuchonga. Hakunifukuza. Natamani angenifukuza.

Wazee wamekaa kikao. Nyongeza haitakufa, lakini itakuwa asali: mstari wa chupa tumeusogeza juu kidogo. Cheo changu wamekiondoa. Sasa mimi ni mpimaji. Nilikuwa nimechoka kuwa mkuu.

Na kuhusu mikono mitupu. Nilimsomea Bibi barua yako, yote, hata pale uliposema nimwambie nitakavyoona. Sikuona cha kumficha. Alikunjua pindo la kitenge, akalikunja upya. Kisha akasema niandike hivi, neno kwa neno: sheria ya kutorudisha chombo kitupu ni kwa vyombo vya majirani. Cha kwetu kikirudi tunakipokea kama kilivyo.

Chokaa ya chumba cha mbele bado nyeupe. Likizo yako ijayo ni lini?

Mwanao,
Erasmus Lugembe, Mpimaji

Barua hii na bahasha yake ni gramu 17, karatasi tupu. Nimepima mara tatu.